Fujo Zikitokea, Nani Hulipa? Maisha ya Mombasa Tangu 1997

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)





Kwanza natoa shukrani kwa wanakamati kwa heshima waliyonipa. Barua ya mwaliko iliniomba nizungumze juu ya mji wetu na siasa. Mimi ni mtumishi wa serikali, na mtumishi wa serikali hasimami mbele ya watu kukipigia debe chama chochote. Siasa ya vyama basi nawaachia wenyewe. Mimi nitasema juu ya mkate, nauli na karo, yaani mambo yanayompata mtu wa kawaida wa Mombasa siku siasa inapochafuka. Swali langu ni moja tu: fujo zikitokea, nani hulipa?

Tuutazame kwanza mji unavyoishi siku ya amani. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Watu wote hao wanataka kula, na kisiwa chenyewe hakina shamba. Nyanya na mboga hutoka Taita na bara, hushushwa Kongowea usiku, na alfajiri wachukuzi wa mikokoteni huzivusha daraja la Nyali kuingia mjini. Nazi na madafu hutoka Kwale na Kilifi. Mama anayechoma mahamri kule Majengo hutumia nazi iliyoanguliwa na Mdigo, iliki aliyoinunua Marikiti kwa Mhindi, na unga uliosagwa na watu asiowajua. Mteja wake wa kwanza ni kuli Mjaluo anayekwenda zamu ya asubuhi Kilindini. Kuli huyo asipokwenda kazini, mama yule hauzi. Na mama asipouza, mwenye minazi naye hana pa kupeleka nazi zake.

Halafu kuna kivuko cha Likoni. Mtu wa miguu havushwi kwa pesa, na ndiyo maana kila kabila na kila kazi husimama pale pamoja: mwanafunzi, muuza samaki, karani, mpishi wa hoteli, fundi cherehani. Nimevuka pale tangu nikiwa mtoto, na sijapata kuona mahali pengine katika nchi yetu ambapo watu wa namna nyingi kiasi hicho hubanana kila siku bila ya kugombana.

Sasa nakuja katika mwaka 1997. Vijana mliopo hapa hamkuwa mmezaliwa. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Usiku wa tarehe 13 Agosti, tukiwa katika likizo, kundi la watu wenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni. Askari sita waliuawa na bunduki zikachukuliwa. Kuanzia usiku ule, na kwa wiki nyingi baadaye, watu waliotoka bara walishambuliwa, nyumba na vibanda vyao vikatiwa moto, na karatasi zikatawanywa zikiwaamuru warudi kwao. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na watu wapatao 100,000 walikimbia makwao. Maelfu walipiga kambi katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Wengine walijazana katika mabasi ya bara na vitanda vyao juu ya keria.

Sisi ni watu wa Pwani. Hakuna aliyetuletea karatasi. Lakini msidhani tulistarehe. Vijana wa Kidigo walikamatwa kwa wingi, wenye makosa na wasio na makosa, hata kaka yangu akawa hatoki nje baada ya magharibi. Mama alikuwa akinunua mboga kwa mama mmoja wa Kikamba, aliyemkopesha mpaka mwisho wa mwezi bila ya kuandika popote. Kibanda kile kilichomwa. Tukawa tunavuka kwa feri kutafuta fungu la mchicha, na huko ng'ambo hakuna aliyetujua wala kutukopesha. Fundi wa viatu aliondoka. Mwenye kinu cha kusaga mahindi aliondoka. Mtaa uliobaki ni mtaa wetu wenyewe, kama wale wenye kutawanya karatasi walivyotaka, na ulikuwa hauna pa kushona kiatu wala pa kusaga mahindi.

Shule zilipofunguliwa Septemba, mwalimu wa darasa aliita majina. Akifika kwenye jina lisiloitikiwa, alisubiri kidogo, kisha akaendelea. Darasani mwetu madawati saba yalibaki wazi. Wawili walirudi muhula uliofuata. Watano hawakurudi, na hata leo, katika orodha ya chama chetu, hatuna anwani zao. Ningependa kamati iwatafute, kwa maana nao ni wanafunzi wa zamani wa shule hii.

Nani mwingine alilipa? Marehemu baba yangu alikuwa mpishi katika hoteli moja ya pwani ya kusini. Watalii walipopata habari za mauaji, walivunja safari zao. Kabla ya mwaka kwisha hoteli nyingi zilikuwa tupu na nyingine zimefungwa. Baba aliambiwa aende nyumbani, ataitwa. Ilipita zaidi ya mwaka hajaitwa. Naomba vijana mlisikilize jambo hili kwa makini. Walioshawishiwa kushika panga waliambiwa kwamba watu wa bara wamewanyang'anya kazi, na kwamba wakiwafukuza, kazi zitakuwa zao. Watu wa bara walifukuzwa, na kazi zikaondoka pamoja nao. Wapishi, watumishi wa vyumbani, wauza vinyago, wavuvi waliokuwa wakiuzia hoteli kamba na pweza, wengi wao walikuwa wenyeji wa Kwale na Mombasa. Kijana aliyekuwa akimpigania baba yake ndiye aliyempokonya ugali.

Mwaka 1998 serikali iliunda tume chini ya Jaji Akiwumi kuchunguza mapigano ya kikabila katika nchi. Taarifa yake ilitolewa hadharani mwaka 2002. Uchunguzi wa tume hiyo, na wa wengine walioichunguza Likoni, ulionyesha mkono wa siasa. Uchaguzi mkuu ulikuwa ufanyike Desemba 1997, na watu wa bara walidhaniwa kuwa watapigia kura upinzani. Aliyekimbia hakuweza kupiga kura mahali alipojiandikisha. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa Likoni nyasi ziliambiwa zipigane zenyewe kwa zenyewe, na tembo wakatazama kwa mbali.

Lakini tusijidanganye kwamba wale vijana walishawishiwa kwa maneno matupu. Mchochezi hapandi pasipo udongo. Malalamiko yalikuwa ya kweli, na kubwa kuliko yote lilikuwa ardhi. Tangu sheria ya mwaka 1908, ardhi ya mwambao ambayo hakuna mtu aliyeandikisha dai lake ilihesabiwa kuwa mali ya serikali ya kikoloni. Wengi waliolima hapa vizazi na vizazi hawakuwa na karatasi, wala hawakujua kuwa inatakiwa. Wajukuu wao wakaitwa maskwota katika mashamba waliyozikwa babu zao. Baada ya uhuru, jambo hilo lilisogezwa kutoka meza moja hadi nyingine. Pale pale Likoni, watu wa shamba la Waitiki, lenye ekari 930, walipata hati zao Januari 2016, baada ya serikali kulinunua. Hesabuni wenyewe: tangu 1997 hadi 2016 ni miaka 19.

Nasema haya kwa sababu kazi yangu ni ya mafaili. Katika ofisi moja niliyopata kufanya kazi alikuwa akija mzee mmoja wa makamo ya babu yangu. Alifuata faili la kiwanja chake. Kila alipokuja aliambiwa njoo kesho, naye alikuwa akitoka mbali na nauli yake ni ya kukopa. Siku moja alikuja na mjukuu wake, kijana wa rika lenu. Mzee aliondoka kwa heshima, akiaga kila mtu. Kijana hakuaga. Alitutazama mmoja mmoja, na mimi nikajiuliza: kijana huyu akikutana usiku na mtu mwenye kumpa maneno matamu na shilingi mia tano, atajibu nini? Niliporudi mezani nililitafuta faili lile mpaka likapatikana. Lilikuwa katika kabati la pili, limebandikwa namba isiyo yake. Ilinichukua siku mbili.

Ndugu zangu mlio katika kazi za umma, na najua ni wengi katika ukumbi huu, hapo ndipo penye sehemu yetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kitambulisho kinachocheleweshwa, hati isiyotoka, nafasi ya kazi inayotolewa kwa kujuana, hizo ndizo nyufa. Hatuwezi kumzuia mwanasiasa asiseme, lakini tunaweza kumpunguzia la kusema.

Mji wetu umepata misukosuko mingine tangu hapo. Agosti 2012, baada ya kuuawa Sheikh Aboud Rogo, mji uliwaka kwa siku kadhaa; maduka yalifungwa na makanisa yakashambuliwa, wakati waumini wa makanisa hayo hawakuwa na mkono wowote katika kifo chake. Mwaka 2019 watu wa Mombasa waliandamana Jumatatu kwa Jumatatu, wakilalamika kwamba kulazimisha makasha kwenda bara kwa reli mpya kunaua kazi za malori, maghala na mikahawa ya njiani. Na Juni 2024 vijana wa nchi nzima, wa hapa pia, walitoka kupinga mswada wa fedha, mpaka Rais akatangaza tarehe 26 kwamba hatautia sahihi.

Mambo haya msiyaweke katika kapu moja. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Nilisimama Barabara ya Moi, karibu na Mapembeni, nikawaona vijana wakipita na bendera na chupa za maji. Muuza kahawa alikuwa palepale na dele lake, akigonga vikombe, na wengine walisimama kunywa. Waliokuwa wakidai walikuwa wakimdai mwenye madaraka, tena mchana, wakiwa na nyuso wazi. Wale wa 1997 walitumwa usiku kumdai jirani deni asilolikopa. Tofauti hiyo mtu yeyote anaweza kuiona, hata asiyesoma.

Nanyi vijana, uchaguzi haukosi kurudi, na kila unaporudi watakuja watu kuwatafuta. Hawatakuja na mapembe kichwani. Watakuja na fulana, na pesa kidogo, na malalamiko ambayo pengine ni ya kweli kabisa. Msiwajibu kwa hasira wala kwa woga. Waulizeni maswali matatu. Yule ninayeambiwa ni adui, amenifanyia nini yeye mwenyewe? Wewe unayenituma, watoto wako watakuwa wapi usiku huo? Na kesho asubuhi, nani atatuuzia mboga? Asiyeweza kujibu la tatu hakupangia kuishi nanyi hapa.

Nimeuliza mwanzo nani hulipa. Nimewatajia: mama wa mboga aliyepoteza kibanda, mama yangu aliyepoteza mwenye kumkopesha, baba aliyepoteza kazi, na wanafunzi watano waliopoteza shule. Katika waliotoa amri, sikumwona hata mmoja katika foleni ya feri akitafuta mchicha ng'ambo.

Bwana Mwenyekiti, naliacha pendekezo langu mezani: orodha ya darasa letu la 1997 itafutwe katika kabati za shule, na wale watano waandikiwe barua za mwaliko wa mkutano ujao. Mimi niko tayari kuzipeleka kwa mkono wangu zile ambazo posta haitafika.