Daftari la Bwawa: Kupima Maji ya Kipkelion Mwaka Hadi Mwaka



Samaki wakielea bwawani ndipo maji yanapopimwa. Mtaalamu huitwa, chupa ikajazwa, na majibu hurudi wakati maji yenyewe yameshateremka zamani kuelekea Muhoroni. Leo natetea upimaji wa wakati ambapo hakuna anayelalamika.

Kwa mfano, mwaka 1960 na 1961 mtafiti Jack Talling alipima Ziwa Victoria upande wa Jinja, akirudi palepale tena na tena: joto, oksijeni, virutubisho, mwani. Miaka ya 1990 watafiti Robert Hecky na Rose Mugidde walipolinganisha vipimo vyao na vyake, walikuta mwani umeongezeka mno na maji hayapenyezi mwanga kama zamani. Bila takwimu za Talling tungebaki na kumbukumbu za wavuvi wazee, na kumbukumbu hupingwa kwa urahisi mezani kwa serikali. Jambo hilo linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu mto wetu Kipchorian huingia Nyando, nao Nyando huishia Ghuba ya Winam ya ziwa hilohilo.

Tuje kwenye mabwawa yetu. Jambo linaloharibu rekodi nyingi ni saa ya kupima. Mchana mwani hutengeneza oksijeni; usiku mwani huohuo huitumia. Bwawa lenye mwani mwingi laweza kupendeza saa tisa alasiri, ilhali alfajiri yake samaki walikuwa wakitweta juu ya maji. Hata pH hupanda jua likiwaka. Ukipima asubuhi mwaka huu na alasiri mwaka ujao, umelinganisha saa, hukulinganisha miaka.

Kisha kuna mwinuko. Hapa Kipkelion tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari na hewa ni nyepesi. Maji ya nyuzi 20 yaliyoshiba oksijeni hubeba takriban miligramu 7.2 kwa lita, wakati kwenye usawa wa bahari yangebeba 9.1. Kifaa cha oksijeni kisichorekebishwa kwa mwinuko wetu kitayasingizia maji mazima.

Kuhusu kinachochafua maji, wengi hunyooshea kidole mbolea ya majani chai. Nitrojeni huyeyuka na kufika majini, ni kweli, lakini chai iliyofunika ardhi vizuri hushika udongo. Mimi naogopa zaidi miteremko ya mahindi na barabara za murram, kwani fosforasi husafiri imeshikamana na udongo. Maji ya kumenyea kahawa nayo yakiingia bwawani, bakteria hula sukari yake na kumaliza oksijeni.

Kwa hiyo napendekeza shule iliyo jirani na kila bwawa ipime mahali pamoja, saa moja asubuhi, kila wiki mbili: joto, mvua, na uangavu kwa kisahani cha bati cha sentimita 20, robo nyeusi na robo nyeupe kwa zamu, kinachoshushwa kwa kamba hadi kipotee machoni. Mara nne kwa mwaka sampuli ziende maabara kupimwa nitrati, fosforasi na E. koli. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka kikomo cha nitrati kuwa miligramu 10 kwa lita kwa vyanzo vya maji ya nyumbani.

Daftari liwe mali ya shule, mwalimu akihamishwa libaki, na nakala iende kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Tuanze kabla ya mvua za Machi, ili gharika ya kwanza itukute tayari tuna vipimo vya kiangazi.