Simu Iliyofichwa Chini ya Godoro: Shule na Usalama wa Watoto Mtandaoni



Mtaala ulioboreshwa wa Tanzania ulianza kutumika shuleni Januari 2024, na tarehe 1 Februari 2025 Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ikazinduliwa Dodoma. Matumaini yetu juu ya elimu ya TEHAMA ni makubwa, nami ni miongoni mwa wenye matumaini hayo. Lakini wakati tunasubiri kompyuta zifike shuleni, simu zimeshafika nyumbani. Mtoto wa Kariakoo au wa Newala hakutani na intaneti kwa mara ya kwanza katika maabara ya kompyuta. Anakutana nayo kwenye simu ya mama au ya kaka, na siku hiyo wa kumwelekeza hayupo.

Kufundisha usalama wa mtandaoni kunaweza kuanza hata pale ambapo umeme haujafika. Kila mmoja wenu ameshapokea meseji ya kumtaka atume ile hela kwenye namba nyingine. Mwalimu aiandike ubaoni, kisha aulize: tapeli amejuaje kwamba unadaiwa? Hajui. Anatuma kwa watu wengi, akitegemea kuwa mmoja wao anajiandaa kulipa kodi ya nyumba au ada, na mtu huyo ataijaza mwenyewe sehemu iliyobaki wazi. Mwanafunzi akiielewa mbinu hiyo, atamtambua pia anayemwambia ameshinda zawadi na anayemwomba nywila "kwa dakika moja tu". Akishamtambua, aifikishe namba ya tapeli kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kupitia 15040. Hilo ni somo la kipindi kimoja, kwa chaki na ubao.

Sasa niingie kwenye jambo lililonileta hapa. Shule zetu zinakataza wanafunzi kumiliki simu. Sipingi katazo hilo. Darasa linahitaji utulivu. Ninachopinga ni jinsi linavyotumika pale mtoto anapokuwa hatarini.

Mfikirieni msichana wa kidato cha tatu aliye bwenini. Chini ya godoro ana simu ndogo. Wakati wa likizo alimtumia picha kijana wa mtaani kwao, na sasa kijana huyo anadai pesa, la sivyo ataisambaza. Nimechagua kijana wa mtaani kwa makusudi. Utafiti wa *Disrupting Harm* kuhusu Tanzania, uliofanywa na UNICEF, ECPAT na INTERPOL na kuchapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa mara nyingi anayemdhuru mtoto kupitia mtandao ni mtu ambaye mtoto alikuwa akimfahamu. Tumezoea kuwaonya watoto dhidi ya wageni, tukawaacha bila neno juu ya wanaowajua.

Msichana huyu afanye nini? Akienda kwa matroni, lazima aanze kwa kukiri kuwa ana simu. Viboko vinamsubiri, kisha kusimamishwa masomo, mzazi kuitwa, na simu kupasuliwa mbele ya wenzake paredi. Anayemtishia anazijua sheria za shule vizuri kabisa. Anamwambia, "Ukisema, utafukuzwa," na jambo la kusikitisha ni kwamba hadanganyi. Basi mtoto anaendelea kulipa, na pesa ikiisha anatakiwa atume picha nyingine. Na simu ikipasuliwa, ushahidi nao umepotea: namba, meseji, miamala ya pesa.

Kuna kosa jingine linalofanywa na watu wazima wenye nia njema. Picha ya mwanafunzi inakamatwa, kisha inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la walimu ili kamati ya nidhamu "ijionee". Walimu wenzangu, kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kusambaza picha za ngono za watoto. Picha ya aina hiyo isitumwe kwa yeyote. Simu ikabidhiwe kama ilivyo kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Na kurasa za mtandaoni za shule zenyewe? Tunaweka sura ya mtoto, jina lake kamili na darasa lake ili kutangaza ufaulu, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Siku hizi, kwa akili unde, picha ya sare inaweza kugeuzwa kuwa picha ya utupu na mtu asiyewahi kumwona mtoto huyo. Majina na sura za watoto ziondolewe huko.

Ombi langu kuu kwa wakuu wa shule na bodi zao halihitaji bajeti. Kwenye sheria za shule, chini ya katazo la simu, ongezeni sentensi moja: mwanafunzi atakayetoa taarifa kwamba anatishwa au anadhuriwa mtandaoni hataadhibiwa kwa kukutwa na simu. Isomeni paredi, mbele ya walimu wote, ili asitokee wa kuikana baadaye. Bandikeni bwenini namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo hupigwa bure. Fanyeni hivyo kabla wanafunzi hawajarudi kwa muhula ujao.