Raia Asiye na Paa Ugenini
(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Matema)



Safari ya kusini si jambo geni katika mwambao huu wa Ziwa Nyasa. Wazee wetu waliandikishwa na WENELA kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Kazi ilikuwa ya hatari na ujira mdogo, lakini mtu alikuwa na mkataba, mahali pa kulala na jina lake daftarini. Baada ya Uhuru wa 1961 serikali ya Tanganyika ilikomesha uandikishaji huo kwa kuupinga ubaguzi wa rangi. Safari, hata hivyo, hazikukoma. Kijana wa siku hizi huvuka mpaka pale Kasumulu, akafika Durban au Cape Town bila mkataba wala mwenyeji. Wapo Watanzania waliolala chini ya madaraja ya Cape Town kwa miaka.

Je, mtu huyo bado ni wetu? Naam. Uraia hauachwi mpakani. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli unataja kuwasaidia raia miongoni mwa kazi za ofisi hizo. Anayebisha hodi ubalozini, basi, haombi sadaka. Hata aliyeondoka bila hati ana haki ya kusikilizwa, kwa maana kosa lake halifuti uraia wake.

Mei 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa Afrika Kusini katika ghasia dhidi ya wageni, na maelfu wakakosa makazi. Aprili 2015 ghasia zilizuka tena Durban. Malawi ilipeleka mabasi kuwachukua watu wake, na Tanzania nayo ikapanga kuwarudisha baadhi ya raia wake. Kumbe inawezekana! Lakini anayelala nje wakati wa utulivu, nani humtafuta? Tunaiomba serikali isingoje damu imwagike ndipo iwahesabu watu wake.

Nasi tunao wajibu:

1. Tuandikishe vizazi vya watoto wetu. Ubalozi hauwezi kutoa hati ya dharura ya kusafiria bila kuthibitisha uraia, na asiye na cheti wala ndugu wa kumshuhudia hukwama.

2. Familia iliyopotewa na mtu isilie peke yake. Viongozi wa jumuiya waisaidie kupeleka taarifa kijijini, wilayani, hadi Wizara ya Mambo ya Nje.

3. Anayerudi mikono mitupu asichekwe. Wako wanaozuiwa na aibu kuliko nauli. Serikali yaweza kumfikisha Kyela. Kumfungulia mlango ni kazi yetu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

(a) Ni nani kutoka kwetu aliyeko ugenini asiyejulikana alipo?
(b) Akirudi kesho, atalala wapi?