Mizizi Miwili, Jina Moja

Somo letu la leo ni juu ya mizizi miwili ya dawa kutoka China. Shikeni karatasi zenu, mfuate maneno ninapoyasoma.

Mzizi wa kwanza huitwa han fang ji. Wa pili huitwa guang fang ji. Someni tena, polepole. Neno moja tu ndilo linaloitenga mizizi hii. Mara nyingi watu huliacha neno hilo, wakasema fang ji basi.

Waganga wa China waliitumia mizizi hii kupunguza uvimbe wa mwili na maumivu ya viungo. Ikikatwa na kusagwa, si rahisi kuitambua kwa macho. Lakini mimea yake si ya ukoo mmoja. Guang fang ji ina sumu inayoharibu figo. Figo ni chujio la damu. Likiharibika, taka hubaki mwilini.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Ubelgiji. Miaka ya 1990 hadi 1992, mjini Brussels, wanawake waliotaka kupunguza unene walipewa dawa yenye unga wa mizizi. Uliotakiwa ni ule wa kwanza, na jina lake ndilo lililoandikwa. Kumbe ndani mlikuwa na ule wa pili! Sumu haikuwaumiza siku ile ile. Ilifanya kazi kimyakimya. Mwaka 1993 madaktari walitangaza habari hiyo. Mwishowe wagonjwa walijulikana kuwa zaidi ya 100. Wengi figo zao zilikufa kabisa, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Mwaka 2004 China ilipiga marufuku guang fang ji.

Je, tunajifunza nini? Msiseme, "Hii ni mizizi tu, haina madhara." Muhogo mchungu nao ni mzizi, na usipotengenezwa vizuri huua. Tena, kusoma jina ni ngao ya kwanza, lakini haitoshi. Ngao ya pili ni kuuliza. Ukipewa unga wa dawa, uliza: Jina lake kamili ni nini? Umetoka kwenye mmea gani? Nani ameupima? Usipopata jibu, usiunywe. Na ukienda hospitali, mwambie mganga dawa zote unazotumia, hata za miti shamba.

Kazi ya nyumbani: andikeni maswali hayo matatu daftarini, kisha mfundishe mtu mmoja nyumbani asiyejua kusoma.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.