Komini ni Mali Yetu: Tujue Mlango wa Kugonga



Leo hatukuja kuwasemea maneno ya juu. Tunataka kusema juu ya mfereji ulioziba, taa iliyozimika, soko lenye matope, na mtoto asiyeandikwa. Mambo hayo ni madogo machoni pa wakubwa, lakini ndiyo maisha yetu ya kila siku.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka. Zamani, wakati wa Union Minière, na nyuma ya mwaka 1967 wakati wa Gécamines, kampani ilitoa nyumba, maji, masomo, hospitali na bunga. Mtu wa kazi akikosa kitu, alikwenda kwa kampani. Watu walisema kampani ni baba na mama. Lakini katika miaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini, na baba yule hakulisha tena. Desturi ya kungoja ikabaki ndani yetu. Tunangoja nani sasa?

Sikieni namna mji unavyotengenezwa. Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba tangu mwaka 2015, una komini mbili: Dilala na Manika. Chini ya komini kuna kartie, na kila kartie ina shefu wake. Shefu wa kartie ni mtu wa kwanza wa kumwendea, lakini hana sanduku lake la franga. Sanduku liko kwa komini na kwa mji. Katiba ya mwaka 2006 inasema kwamba mji na komini vinajitawala vyenyewe na kusimamia mali yao. Sheria ya tarehe 7 mwezi wa 10 mwaka 2008 ikaeleza namna gani: wananchi wanachagua washauri wa komini, washauri wanachagua burgumestre, washauri wa komini wanachagua pia washauri wa mji, na hao ndio wanaomchagua meya.

Wandugu, jambo hili tumelingoja siku nyingi. Mwezi wa 12 mwaka 1957, wakati wa ukoloni, watu walipiga kura za komini Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Wanaume tu walipiga kura, na mkubwa wa mji mzima aliwekwa na serikali ya Wabelgiji. Uhuru ulifika mwaka 1960, lakini hata nyuma ya sheria ya 2008 mameya na maburgumestre waliendelea kuwekwa kutoka juu. Ni tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2023 tu ndipo washauri wa komini walipochaguliwa chini ya sheria hiyo, tena si katika komini zote za nchi. Mtu aliyewekwa na mkubwa anamwangalia mkubwa. Mtu aliyechaguliwa na wewe anapashwa kukuangalia wewe.

Sasa, kazi ya nani ni nini? Barabara ndogo za kartie, mifereji ya maji ya mvua, masoko ya komini, taa za njiani: hiyo ni kazi ya komini. Kuandika mtoto aliyezaliwa ni kazi ya burgumestre na ofisi yake. Sheria ya mwaka 2016 inatoa siku 90. Maji ya robine ni ya Regideso, umeme ni wa Snel, na zote mbili ni kampani za serikali ya nchi nzima. Burgumestre anaweza kuwaandikia na kuwasukuma, lakini hawezi kuwaamuru.

Sisi wenyewe tulikosea. Mfereji wa avenyu yetu uliziba, mvua ikaingia ndani ya nyumba. Tulikwenda kwa watu wa maji, wakatucheka. Tulikwenda ofisi ingine, wakatuambia turudi kesho, na kesho hiyo ikawa majuma matatu. Mwishowe mama mmoja muuza samaki akatuuliza: “Mmeandika barua?” Hatukuandika. Tukaandika barua moja, majina ya watu wa lupango zote chini yake, tukaipitisha kwa shefu wa kartie, tukachukua kopi yenye kigonga cha komini. Nyuma ya hapo watu wa chepeo walifika. Mkono mmoja haufungi mzigo.

Mtasema: komini haina franga. Hapo ndipo watu wa mugodi wasikilize vizuri. Sheria ya madini iliyogeuzwa mwezi wa 3 mwaka 2018 inasema kwamba, kwa kila franga 100 za redevansi ambayo kampani inalipa juu ya madini, 50 zinakwenda kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 10 kwa sanduku la vizazi vinavyokuja, na 15 kwa komini, sekta ao shefferi ambamo shimo linachimbwa. Tena sheria ya 2008 inatoa kwa miji, komini, sekta na shefferi sehemu ya 40 kwa 100 ya franga ambazo jimbo linapata kutoka mali ya nchi nzima. Basi shaba na kobalti mnazotoa kwa jasho lenu zinapashwa kurudi mlangoni mwenu, zikiwa mfereji, soko na taa.

Je, zinarudi? Kujua hilo si kufanya fujo. Washauri ndio wanaokubali bajeti ya komini. Burgumestre ndiye anayeitumia. Basi umwulize mshauri wako: mwaka huu franga ngapi ziliingia? Zilifanya nini? Na wewe mama wa soko, usilipe kodi ya meza bila karatasi ya malipo. Franga isiyo na karatasi haifiki sandukuni.

Wandugu, kutawala si kwa Kinshasa tu. Kunaanza mbele ya lupango yako. Anayenyamaza, wengine watamgawia mali yake. Rudini nyumbani, andikeni watoto wenu, hesabuni taa zilizozimika, muandike barua moja kwa pamoja.