Uwanja wa Ndege wa Lokichoggio



Nimeombwa niseme machache juu ya uwanja wa Loki. Wengi wetu tulioingia Kenya mwaka 1992 tulipita hapo kwa miguu. Ndege tulizitazama tu.

Umoja wa Mataifa ulianza kupeleka misaada Sudan kupitia hapo mwaka 1989. Katika njaa ya Bahr el Ghazal, mwaka 1998, ndege aina ya Hercules zilibeba kama tani 16 kila safari. Kule hapakuwa na mahali pa kutua ndege kubwa hizo, basi mahindi yalitiwa katika magunia mawili matatu yasipasuke, yakaangushwa bila miavuli. Watu walikaa mbali kabisa, maana gunia likikupiga hupumui tena.

Ndege ndogo zilirudi na majeruhi, wakapelekwa Lopiding, hospitali ya Msalaba Mwekundu. Jirani yangu, yule pale mbele, mguu wake wa kwanza wa bandia ulitengenezwa huko.

Amani ilipotiwa sahihi mwaka 2005, shughuli nyingi zilihamia Sudan Kusini. Sisi tulishangilia; vibarua wa Loki waliopakia magunia wakakosa kazi. Na huyu jirani yangu, akisikia mngurumo wa ndege, bado hutoka nje kutazama juu.