Shamba na Mgeni: Sheria ya Kenya Yasemaje?



Tuseme una ekari kumi za shamba. Mgeni asiye raia anafika, mfuko umejaa, anataka kununua. Je, umuuzie?

Tuanze na Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 65 inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya daima dumu. Anaruhusiwa kukodi tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Hata mkataba ukiandikwa “milele”, sheria itauhesabu kuwa wa miaka 99. Na asijifiche nyuma ya kampuni: kampuni huhesabiwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia.

Ardhi ya kilimo ina kufuli la pili. Katika maeneo yanayodhibitiwa, mauzo na hata kukodisha huhitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Mnunuzi asipokuwa raia, bodi hutakiwa kukataa, isipokuwa Rais ametoa msamaha rasmi.

Bila idhini, mapatano hayo ni batili. Aliyelipa anaweza kudai fedha zake kama deni, na kuhamia shambani kwa mapatano batili ni kosa.

Basi, kabla ya kupokea hata shilingi, ulizia uraia wa mnunuzi, fanya upekuzi wa hatimiliki, kisha ombeni idhini ndani ya miezi sita tangu mlipopatana.

Haraka haraka haina baraka.